Uvimbe Usiouma

Wasomaji wetu wametuzoea katika kurasa hizi tukisema juu ya malezi, na adabu za mwanafunzi mbele ya mwalimu wake, na mengine ya namna hiyo. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya taya la mtoto. Mtu asistaajabu, kwani mwalimu wa Kurani huvitazama vinywa vya watoto kila siku kuliko tabibu ye yote. Kazi yake ni herufi, na herufi mahali pake ni kinywani. Tena sisi tuna deni katika jambo hili, na deni la namna hii hulipwa kwa kusema kweli.

Twakaa Horohoro, mwisho wa mkoa wa Tanga kwa upande wa kaskazini, pale barabara itokayo Tanga mjini, mwendo wa kilomita 65, inapofika mpakani na kuvuka kwenda Lunga Lunga katika nchi ya Kenya. Madrasa yetu ni ndogo. Watoto hukaa mikekani, kila mmoja na juzuu yake, nasi humsikiliza mmoja mmoja, huyu akaenda mbele na huyu akarudishwa nyuma.

Alikuwako mwanafunzi mmoja ambaye jina lake tutalisitiri, kwani yu hai na ana haya. Alipotimiza miaka saba meno yake mawili ya mbele ya juu yaling'oka, naye akayarusha juu ya paa kama wafanyavyo watoto wa pwani, akangoja mapya. Baada ya miezi michache jino la kushoto lilitoka, jeupe na pana. La kulia halikutoka.

Mwenye pengo la mbele hawezi kuitoa thee sawasawa, wala dhali, wala dhwee, kwa kuwa herufi hizi tatu hutoka baina ya ncha ya ulimi na ncha za meno ya mbele ya juu. Kila mwalimu analijua jambo hili, na kila mwalimu humsamehe mtoto wa miaka saba. Husema, jino litakuja na herufi itakuja nalo. Nasi ndivyo tulivyosema.

Ukapita mwaka, na wa pili ukaingia. Mtoto akawa wa miaka kumi, na pengo li pale pale. Kisha tukaona jambo geni. Herufi ambazo zamani alikuwa akizitoa vizuri zilianza kuharibika. Tee, dali na twee hazitoki katika ncha za meno. Hutoka pale ulimi unapogusa mashina ya meno ya juu, kwenye ufizi. Pengo haliziharibu sana. Lakini mtoto huyu sasa alikuwa akiisoma Suratul Fatiha na dali yake ni nzito, kana kwamba ulimi umekuta kitu njiani. Lau tungekuwa na akili siku ile tungemwambia, "Fungua kinywa, mwanangu, tuone." Badala yake tulimwambia aache mchezo. Tulimrudisha katika neno moja mara nyingi mbele ya wenzake, wenzake wakacheka, naye akaziba mdomo wake kwa mkono wa kanzu huku machozi yakimtoka. Tunaliandika hili kwa aibu.

Mama yake ni mwanamke mchapa kazi, auzaye vitumbua pale yanaposimama mabasi. Alitujia baada ya sala ya Alasiri akasema, "Maalim, mwanangu jino lake halijatoka, na naona mdomo wake wa juu umeinuka kidogo upande mmoja. Waonaje?"

Tukamwuliza, "Linamuuma?"

Akasema, "Hapana, Maalim. Hajapata kulia hata usiku mmoja."

Tukamjibu, "Basi dada yangu, ikiwa halimuumi, subiri. Mengine hukawia."

Hayo ndiyo maneno yetu, na hayo ndiyo deni letu. Tuliyafanya maumivu kuwa ndiye mjumbe peke yake wa maradhi, na alipokuwa hakufika tukasema hapana maradhi. Mama yule alituamini kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha mwanawe kusoma. Alisubiri miezi saba mingine kwa ajili ya neno letu.

Baada ya miezi hiyo uvimbe ulionekana na kila mtu, mviringo chini ya pua, kadiri ya nusu ya ndimu changa. Hapo watu wakaanza kunong'ona. Wako waliosema ni husuda. Wako waliosema neno baya zaidi, na neno hilo lilikuwa na asili yake.

Zaidi ya miaka 20 nyuma, katika mtaa wetu, binti wa miaka sita alivimba taya. Meno yake yakalegea, shavu likajaa, na baada ya majuma machache jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje. Wazee walimpaka dawa za majani, kisha akapelekwa kwa mtu aliyemchanja shavu. Alipofikishwa hospitali hakuwa na nguvu tena. Tulimzika alfajiri. Tangu siku ile watu wetu waliamini kwamba mtoto akivimba taya hana dawa, na kwamba kumpeleka hospitali ni kumsumbua bure. Wakawa wakiuona uvimbe huufunika kwa ukaya na kunyamaza.

Baadaye sana ndipo tulipokuja kufahamu kwamba maradhi yanayofanana na yale ya binti yule yana khabari ndefu katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, tabibu wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili, juu na chini, na baadaye akawaona wengine. Mwaka 1958 aliandika juu yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri kilomita zipatazo 16,000 wakipita hospitali kwa hospitali, kutoka Uganda hata kusini mwa Afrika, wakiuliza ni wapi uvimbe huu waonekana na ni wapi hauonekani. Wakaona kwamba hukaa katika nchi za joto, za chini na zenye mvua, ambamo malaria ni nyingi. Yaani nchi kama hii yetu ya pwani. Ni saratani, nayo hukua kwa siku, si kwa miaka. Lakini, na hili ndilo lililotuliza sana, ni katika saratani zinazozitii dawa upesi. Watoto wengi waliofikishwa mapema wamepona. Kumbe yale tuliyoyaita mauti yasiyo na dawa yalikuwa maradhi yasiyotaka kucheleweshwa.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Uvimbe wake haukukua kwa siku. Ulikua polepole, mwaka mzima na zaidi, bila homa na bila uchungu. Lakini mtu aliyekwisha tishika hatofautishi. Babu yake alituomba tumwandikie kombe, nasi tuliandika, wala hatujutii dua. Twajutia kwamba tuliishia hapo. Mtume wetu (S.A.W.) alituamuru tujitibu, na akatujulisha kwamba kila maradhi Mwenyezi Mungu ameyawekea dawa yake. Basi anayeomba dua na asiitafute dawa amefanya nusu ya aliyoamrishwa.

Hatimaye mama yake alimpeleka katika zahanati moja, ambayo hatutaitaja. Alipewa vidonge vya kuua usaha, mara ya kwanza na mara ya pili, na uvimbe haukupungua kwa kuwa haukuwa na usaha. Mara ya tatu aliyemwona alilitazama jino lililo karibu na pengo, akaliona limelala upande, akasema hilo ndilo lenye kosa, akaling'oa. Lilikuwa jino la ukubwani, zima, lisilo na tundu. Lilikuwa limesukumwa tu. Mtoto alirudi nyumbani na mapengo mawili na uvimbe ule ule.

Makosa haya ni ya zamani. Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, katika kitabu chake kikubwa kiitwacho At-Tasrif alitia mlango wa meno na picha za vyombo vya kung'olea. Humo aliwaonya matabibu wasiharakie kung'oa, kwani maumivu huweza kumdanganya mgonjwa akaonyesha jino zima, likang'olewa, na lenye ubaya likabaki. Miaka 1,000 imepita na onyo lake lingali na kazi.

Tuliposikia khabari ya jino lile ndipo tulipoamka. Tulimwendea babu nyumbani kwake, tukamwambia mbele ya watu wake, "Mzee wetu, sisi ndio tuliosema subirini. Tulisema bila ya ujuzi. Tunakuomba ruhusa tumchukue mtoto Tanga." Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Na akifa huko, Maalim?" Tukasema, "Na akifa hapa, mzee, tutajibu nini?" Akatoa ruhusa.

Katika hospitali ya Bombo, Tanga, daktari wa meno hakuanza kwa koleo. Alianza kwa maswali. Ana miaka mingapi? Jino la kushoto lilitoka lini? Uvimbe umeonekana tangu lini, nao wakua kwa siku au kwa miezi? Kisha aliuhesabu mstari wa meno kwa kidole, akaubonyeza uvimbe taratibu. Alituambia kwamba mfupa pale umekuwa mwembamba kama gamba la yai. Kisha akaagiza picha ya eksirei.

Picha ile tuliiona kwa macho yetu. Penye mfupa na jino huwa peupe, na penye uwazi huwa peusi. Ndani ya taya la mtoto wetu palikuwa na weusi wa mviringo wenye ukingo mweupe mwembamba, kama mwezi uliogeuzwa rangi. Ndani ya weusi ule kulikuwa na meno mawili. Moja lilikuwa jino lake la haki, lililokuwa likingojwa miaka mitatu, limesukumwa juu karibu na tundu ya pua. La pili lilikuwa dogo, limechongoka kama msumari. Hilo ni jino la ziada, ambalo baadhi ya watu huzaliwa na mbegu yake katikati ya meno ya mbele.

Daktari alitufahamisha hivi. Kila jino, kabla ya kutoka, hukaa ndani ya mfupa limevikwa ngozi nyembamba kama punje katika ganda lake. Jino likitoka, ganda lile hupasuka na kazi yake ikaisha. Lakini jino likizuiliwa, pengine na jino jingine lililoziba njia, maji huweza kukusanyika baina ya ganda na kichwa cha jino. Likawa fuko la maji. Fuko hilo hukua polepole, likausukuma mfupa na kuumomonyoa, na kuyalaza meno ya jirani. Aghlabu haliumi mpaka liingiwe na vijidudu au lifike mbali. Kwa vijana na watu wazima mafuko haya huonekana zaidi kwenye magego ya mwisho ya chini na kwenye chonge za juu. Kwa mtoto wa miaka kumi, na kwa sababu ya jino la ziada, si jambo la kila siku; na kwa kuwa si la kila siku hupita mbele ya macho ya watu bila kutambuliwa.

Tukamwambia, "Basi daktari, yatoe maji." Akatabasamu akasema kwamba picha haisemi yote. Iko namna nyingine ya fuko ambalo ndani yake hujaa ute mzito mweupe, nalo likiondolewa huweza kurudi baada ya miaka. Mgonjwa wake lazima atazamwe muda mrefu, na akiwa na mafuko kama hayo mengi huchunguzwa mwili mzima, kwa kuwa huenda ni maradhi ya kurithi. Uko na uvimbe wa asili ya meno, uonekanao kwa vijana wetu, ambao katika picha hufanana na fuko la maji na kumbe hula taya. Kwa hiyo lazima kipande cha ngozi ya fuko kipelekwe kutazamwa kwa hadubini. Akaandika barua ya Muhimbili, Dar es Salaam, waliko mabingwa wa upasuaji wa taya.

Safari ni ndefu na watu wetu si matajiri. Sanduku la madrasa lilifunguliwa, wavuvi wakatoa, wachukuzi wa mpakani wakatoa, na kina mama wa vitumbua wakatoa kuliko wote. Mama na mwanawe wakaenda.

Huko mtoto alilazwa kwa dawa ya usingizi. Mabingwa hawakulikata taya kama alivyohofu babu yake. Walifungua dirisha dogo kwa ndani ya mdomo, ufizini, maji ya manjano yakatoka, wakalitoa jino la ziada, na wakachukua kipande cha kupeleka maabara. Jino la haki hawakuling'oa. Walilihurumia, kwa kuwa mzizi wake ulikuwa haujakamilika, na jino la namna hiyo lingali na nguvu ya kushuka likifunguliwa njia. Dirisha lile waliliacha wazi kwa kulitia shashi yenye dawa, lisizibe upesi. Mama alifundishwa kumsukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na kumrudisha kila alipoitwa. Majibu ya maabara yalisema ni fuko la maji tu, wala si jambo jingine.

Angalikuwa mtu mzima mwenye fuko dogo, pengine wangelitoa fuko zima mara moja na jino lake, na hiyo nayo ni tiba sahihi. Tiba huchaguliwa kwa umri, na ukubwa wa fuko, na tumaini la jino.

Fuko likipungukiwa maji hunywea, na mfupa hurudi kulijaza shimo lake. Mwezi wa tisa baada ya upasuaji, asubuhi, kabla hatujaanza darasa, mtoto alitujia akatuinulia mdomo wake wa juu kwa kidole bila ya kusema neno. Ncha nyeupe ilikuwa imetoka ufizini. Jino la jirani lililong'olewa halitarudi. Hilo amelikosa maisha. Lakini taya lake limekaa sawa, na siku ile alisoma Suratul Fatiha na dali yake ilikuwa safi. Thee ilichukua miezi zaidi. Hatukumharakisha.

Sasa, ndugu zetu, twataka kila nyumba ishike mambo machache katika khabari hii.

Kwanza, hesabuni meno ya watoto wenu. Meno hutoka kwa jozi. Meno ya mbele ya juu hutoka baina ya miaka saba na minane, na chonge za juu baina ya kumi na moja na kumi na miwili. Jino la upande mmoja likitoka na mwenzake akakawia zaidi ya miezi sita, mpelekeni mtoto kwa daktari wa meno, ijapokuwa halimuumi. Mwulizeni kama yafaa kupigwa picha.

Pili, uvimbe wo wote wa taya usioondoka baada ya majuma mawili ni wa hospitali. Ukikua kwa siku, au meno yakilegea, au jicho likisukumwa, msingoje hata juma moja. Mficha maradhi kilio humfichua.

Tatu, si kila kivimbe ni cha kuogopa, na hofu nayo huleta madhara. Mtoto mchanga huweza kuonekana na vidonge vidogo vyeupe kwenye ufizi au kaakaa. Hivyo huondoka vyenyewe. Mtoto anayeota jino huweza kuvimba ufizi ukawa na rangi ya samawati. Aghlabu hupasuka wenyewe na jino likatoka. Tunalisema hili kwa sababu ya ada mbaya ambayo matabibu wa Tanzania waliiandika sana katika miaka ya 1990, ya yale yaitwayo meno ya plastiki au ya nailoni. Mtoto akishikwa na homa au kuharisha, hutazamwa ufizi wake, pakionekana weupe wa chonge inayokuja husemwa kwamba lile ni jino la maradhi, likachimbuliwa kwa kisu au kwa chuma cho chote. Lile si jino la maradhi. Ni jino lake la haki, na chini yake iko mbegu ya jino la ukubwani, ambayo huharibiwa nayo. Watoto wamepoteza damu na wengine roho kwa ada hii, na homa iliyowaleta ilikuwa malaria au tumbo, vyenye dawa zake.

Nne, jino la utoto lililooza lisidharauliwe kwa kusemwa kwamba litang'oka. Uozo wake hushuka mzizini na huweza kuzaa fuko linalolidhuru jino linalokuja. Mswaki, aliotuhimiza Mtume wetu (S.A.W.), ni wa mtoto pia.

Na la mwisho ni kwa walimu wenzetu. Watu wetu hutuuliza mambo tuliyosomea na tusiyoyasomea, kwa heshima ya Kitabu tunachokifundisha. Heshima hiyo ni amana. Tukiulizwa juu ya mwili wa mtoto na hatujui, tuseme hatujui, na tumwonyeshe mwulizaji njia ya kwenda kwa ajuaye. Neno letu la "subiri" lilimgharimu mtoto miezi saba na jino moja. Amekwisha tusamehe, naye bado hukaa mkeka wa mbele. Nasi siku hizi, mtoto akikosea herufi aliyokuwa akiiweza, humwambia kwanza afungue kinywa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atujaalie macho ya kuona kabla ya kuambiwa. Amin.